Usiende Ukiwa Mbeba Sampuli: Hatua za Kuingia Kwenye Utafiti wa Kuvu za Wadudu na Kushirikiana na Maabara za Nje

Mwaka 1989, huko Kendu Bay, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuvu ya Metarhizium ilitengwa kutoka kwa kiwavi mtoboa-mabua wa mahindi. Ikapewa namba: ICIPE 30, kwa jina la icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Miaka zaidi ya kumi baadaye kuvu hiyohiyo ilikuwa imepakwa kwenye vitambaa vyeusi vilivyoning'inizwa darini katika nyumba za Lupiro, karibu na Ifakara, ikiwinda mbu wa malaria. Watafiti wa Ifakara na wenzao wa Wageningen, Uholanzi, walichapisha matokeo mwaka 2005 katika jarida la Science: karibu robo ya mbu waliokamatwa wakipumzika ndani ya nyumba hizo walikuwa wameambukizwa. Ndugu yake, ICIPE 69, ilitoka kwenye udongo wa Matete, Kinshasa, mwaka 1990, na leo inauzwa Kenya kama dawa ya kibayolojia ya vithiripi, wadudu wadogo wanaoharibu mimea.

Angalia tunachokijua kuhusu kuvu hizi baada ya miaka yote hiyo: ilitoka kwa mdudu gani au udongo gani, mahali gani, mwaka gani. Lebo. Kwa lebo hiyo kuvu ya Kendu Bay iliweza kwenda Ulaya na kurudi Kilombero bila kupotea jina.

Vijana wanaoniuliza kuhusu fani hii huanza na swali moja: "Kaka, nitumie linki ya skolashipu." Skolashipu zipo, nitazitaja, ila ziko hatua ya sita. Anayezirukia mapema huenda nje akarudi na cheti na picha za theluji, huku sampuli alizobeba zikibaki kwenye friza ya mtu mwingine. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi au fundi wa maabara wa Afrika Mashariki anayetaka kwenda kama mshirika.

Hatua ya 1: Chagua mdudu kwanza

Usianze na kuvu. Anza na mdudu anayewasumbua watu unaoishi nao: viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, fukusi wa migomba, nzi wa matunda kwenye maembe, dumuzi ghalani. Ukiwa na mdudu una swali, na ukiwa na swali utapata wenyeji wa kukuonyesha pa kuchimba.

Hata hivyo ujue upana wa uwanja. Kuvu zinazoua wadudu, kama Beauveria na Metarhizium, ndizo maarufu kwa sababu hutengenezwa kuwa dawa za kuua wadudu. Lakini zipo zinazofugwa na wadudu: mchwa hulima kuvu ya Termitomyces ndani ya kichuguu, na ule uyoga mkubwa unaochomoza juu ya vichuguu mvua zikinyesha ni mazao ya shamba lao. Zipo zinazomng'ang'ania mdudu kwa nje bila kumuua, ziitwazo Laboulbeniales, ndogo kiasi kwamba mwenye haraka huzidhani ni vumbi. Na ipo Microsporidia MB, jamaa wa karibu wa kuvu, iliyogunduliwa ndani ya mbu wa Kenya na kutangazwa mwaka 2020. Hiyo haimuui mbu. Inamzuia kubeba vimelea vya malaria, na mama humrithisha mwanawe. Ukiniuliza mimi, kundi la Laboulbeniales ndilo lenye nafasi kubwa kwa mtu asiye na fedha: unahitaji hadubini, subira na macho.

Hatua ya 2: Tenga kuvu yako mwenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu. Njia ninayoipenda ni ya chambo, iliyoelezwa na Zimmermann, Mjerumani, mwaka 1986, na haijachuja mpaka leo. Chambo ni funza wa nondo wa nta, Galleria mellonella, yule anayeharibu masega kwenye mizinga. Mfugaji nyuki atakupa bure na kukushukuru. Ukishawapata, wafuge mwenyewe kwenye chupa ya mdomo mpana kwa mchanganyiko wa pumba, asali na nta kidogo, usije ukategemea mizinga ya watu.

Chimba udongo sentimita 10 hadi 15 kwenda chini. Chota sehemu kadhaa za shamba, changanya, uwe sampuli moja. Usiuache juani, kwani mionzi ya jua huua spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana kwazo. Ondoa mawe na mizizi, lainisha kwa maji mpaka ukiufumbata ushikamane bila kuchuruzika. Jaza vikombe vya plastiki vyenye vifuniko, toboa matundu madogo, weka funza watano au kumi kila kikombe. Funza hawa wana tabia ya kujisokotea nyuzi na kutulia. Ukiwatumbukiza kwenye maji ya nyuzi joto 56 kwa sekunde 15 kisha maji baridi, hupunguza ushonaji. Geuza kikombe juu chini kila siku ili watembee ndani ya udongo. Weka kivulini, joto la nyuzi 25 hivi, siku 14.

Kila siku toa waliokufa. Aliyekufa kwa bakteria huwa laini, mweusi, ananuka. Aliyekufa kwa kuvu hukauka na kukakamaa kama kijiti. Huyo mwoshe kwa dakika mbili katika maji ya Jik yaliyopunguzwa hadi asilimia 1 ya klorini, msuuze mara tatu kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kisha mlaze kwenye sahani yenye karatasi iliyoloweshwa. Usipomwosha utapata kuvu wapita njia waliodandia maiti. Baada ya siku tatu mpaka saba atavaa nguo: nyeupe kama unga wa sembe ni dalili ya Beauveria, nyeupe inayogeuka kijani cha mzeituni ni dalili ya Metarhizium. Nimesema dalili. Jina kamili halitoki kwenye rangi.

Gusa unga huo kwa sindano iliyopitishwa motoni, uhamishie kwenye agari, jeli ya kuoteshea kuvu, yenye dawa ya kuzuia bakteria kama kloramfenikoli. Huna otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke? Sufuria ya presha ya jikoni, dakika 20 hadi 30 baada ya kuanza kupuliza, inatosha kuanzia. Vaa barakoa unapofungua sahani zilizokomaa. Spora hizi hazitakuambukiza kama zinavyomwambukiza mdudu, lakini unga wake huamsha pumu na mafua ya mzio, na nimewaona watu wakiacha fani kwa ajili hiyo.

Hatua ya 3: Thibitisha kuwa ndiyo inayoua

Agostino Bassi, Mwitaliano, alionyesha mwaka 1835 kwamba ugonjwa mweupe wa viwavi wa hariri uliletwa na kuvu, na alifanya hivyo kwa kuhamisha ugonjwa kutoka kwa mfu kwenda kwa mzima. Nawe fanya vivyo hivyo: chukua spora, mpake mdudu mzima, afe, aoteshe kuvu ileile, uitenge tena. Mzunguko usipokamilika una kuvu iliyookotwa juu ya mzoga, basi.

Kabla ya jaribio pima uhai wa spora: zisambaze kwenye agari, zihesabu baada ya saa 18 hadi 24. Zikiota chini ya asilimia 85 hivi, otesha upya. Changanya spora na maji yenye tone la sabuni ya Tween, maana zenyewe hukataa maji kama manyoya ya bata. Hesabu kwa kioo cha kuhesabia seli, na uanze na spora milioni 10 kwa mililita. Wadudu wa kulinganishia wapate maji na Tween bila spora. Wakifa zaidi ya asilimia 20, jaribio hilo lifute, hata kama matokeo mengine yanapendeza. Wakifa wachache, rekebisha hesabu kwa kanuni ya Abbott ya mwaka 1925, inayoondoa vifo visivyotokana na kuvu. Rudia angalau mara tatu, kwa siku tofauti na wadudu wa kizazi tofauti.

Hatua ya 4: Lebo, daftari, nakala

Lebo iandikwe kwa penseli. Nilipoteza msimu mzima wa wadudu wa Morogoro kwa kalamu ya wino: pombe ilimwagika ndani ya kisanduku, asubuhi nikakuta vichupa 60 vyenye mawingu ya bluu. Wadudu walikuwepo. Hakuna aliyekuwa na kwao.

Kwa kila kuvu andika namba yako, mdudu au udongo, mmea uliokuwepo, kijiji, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, mkusanyaji, na idadi ya mara ulizoihamisha kutoka agari hadi agari. Hili la mwisho wengi hulisahau. Kuvu inayoishi kwa starehe kwenye agari husahau kuua. Baada ya kuihamisha mara kadhaa, ipitishe tena kwa mdudu kuirudishia makali.

Hifadhi kwa njia mbili na mahali pawili. Mirija ya agari kwenye friji ya nyuzi 4 ni ya miezi michache. Spora ndani ya gliseroli ya asilimia 10, nyuzi 80 chini ya sifuri, ni ya miaka. Nakala ya pili iwe jengo jingine, ikiwezekana taasisi nyingine. Umeme hukatika Ijumaa jioni, na friza haijui wikiendi.

Hatua ya 5: Vibali, kabla hujaandika baruapepe yoyote

Watu huiona hatua hii kama kero ya ofisini. Mimi naiona kama silaha yako.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijidudu vilichukuliwa Ziwa Bogoria, Kenya, na vimeng'enya vyake vikaingia viwandani ng'ambo, kimoja kikitumika kufifisha rangi ya suruali za jinzi. Kenya ilipokuja kudai sehemu yake, mzozo ulikuwa juu ya karatasi: nani aliruhusu nini. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inataka kibali cha nchi yenye mali na makubaliano ya mgawanyo wa faida kabla ya rasilimali hiyo kutumika. Kuvu yako ni rasilimali ya namna hiyo, hata ikiwa ni punje zisizoonekana kwa macho.

Kenya utaanzia NACOSTI, tume ya sayansi, kwa leseni ya utafiti, uende NEMA, mamlaka ya mazingira, na Huduma ya Wanyamapori kwa masuala ya rasilimali za kijenetiki, na KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, ikiwa kitu kinavuka mpaka. Tanzania mgeni wako atahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TPHPA ndiyo mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Ndani ya hifadhi kuna vibali vyake tena. Anza miezi sita mapema. Usimruhusu mgeni aondoke na mirija mfukoni "kwa haraka tu", hata awe mtu mzuri kiasi gani. Maabara yenye sifa ya Ulaya itakuomba karatasi hizo yenyewe, na ukiwa nazo tayari umeshajitofautisha na wengine.

Hatua ya 6: Tafuta mwenza na mafunzo

Anzia karibu. icipe, iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina kitengo cha magonjwa ya wadudu na benki ya kuvu Kasarani. Mpango wake wa uzamivu, ARPPIS, upo tangu 1983, na ule wa DRIP hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliosajiliwa vyuo vingine. Mwanafunzi wa Kisangani, Bujumbura au Dodoma hana haja ya kupanda ndege ya Ulaya ili ajifunze kupima makali ya kuvu. Mashirika kama DAAD ya Ujerumani hugharamia pia masomo ndani ya Afrika.

Ukitazama nje, tazama benki za kuvu: ARSEF huko Ithaca, New York, na ya CABI kule Egham, Uingereza. Chama cha watafiti wa magonjwa ya viumbe wasio na uti wa mgongo, Society for Invertebrate Pathology, kipo tangu 1967, na mkutano wake wa kila mwaka ndipo watu wa fani hii wanapokutana. Ukipata fedha za mkutano mmoja tu, uwe huo.

Sasa baruapepe. Maprofesa hupokea nyingi zenye maneno "mimi ni kijana mchapakazi mwenye ndoto". Hazijibiwi. Yako, kwa Kiingereza kifupi, iseme hivi: nina aisoleti (kuvu nilizozitenga) 14 za Metarhizium kutoka mashamba ya mahindi ya wilaya fulani, tatu zimeua zaidi ya nusu ya viwavi ndani ya siku sita, jedwali nimeambatanisha, nimeshindwa kuzitambua kwa spishi kwa kuwa sina uwezo wa kusoma DNA, nimesoma makala yako ya mwaka fulani, na jambo hili moja sikulielewa, je, naweza kuja miezi mitatu kujifunza? Aya mbili. Kile ulichoshindwa kitaje bila aibu, maana hicho ndicho kinachohitaji ushirikiano. Asipojibu kwa wiki tatu mkumbushe mara moja, halafu uandikie wa pili.

Hatua ya 7: Mkataba kabla ya sanduku

Mkataba wa kuhamisha sampuli usainiwe na taasisi zote mbili. Saini yako peke yako haitoshi. Soma mwenyewe mambo manne. Kuvu itatumika kwa kazi gani, na je, anaweza kumpa mtu wa tatu? Jina la nani linatangulia kwenye makala, na fundi aliyekusanya anatajwa wapi? Hataza ikiombwa, nani mmiliki? Na nakala hai inabaki wapi? Hilo la nne usilegeze: nakala ibaki nchini kabla nyingine haijasafiri.

Ushirikiano mzuri upo, na hutambulika kwa nani anafanya nini. Mradi wa LUBILOSA wa kupambana na nzige ulioanza mwaka 1989 ulikuwa na wataalamu wa Uingereza na wa kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA kule Benin, pamoja na wenzao wa Niger. Kuvu iliyoshinda ilitoka kwa panzi wa Niger. Ujuzi uliotoka Ulaya ulikuwa wa kuchanganya spora na mafuta, kwani ndani ya mafuta zinaambukiza hata hewa ikiwa kavu ya jangwani. Majaribio yalifanyika Sahel. Hakuna upande ambao ungefika peke yake. Matunda yake yalifika kwetu: mwaka 2009 dawa hiyo, Green Muscle, ilinyunyiziwa nzige wekundu kwenye mbuga za Ikuu huko Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi.

Hatua ya 8: Ukiwa kule

Jifunze yale utakayoyaweza nyumbani. Mashine ya mamilioni utaonyeshwa, itazame kwa heshima, lakini tumia siku zako kwenye kukausha spora, kuchanganya na mafuta, kutunza benki, na kusoma matokeo ya DNA kwa kompyuta ya kawaida. Kwenye DNA kuna mtego mmoja: kipande cha ITS, ambacho wengi hukitegemea, hakitofautishi vizuri spishi za Metarhizium. Dai ufundishwe kutumia kipande cha TEF. Ukirudi unaweza kutuma sampuli za DNA kwenye maabara ya kulipia na ukasoma majibu mwenyewe.

Uliza maswali ya kijinga wiki ya kwanza; ya tatu utaona haya. Andika kila utaratibu pamoja na yale yasiyoandikwa kwenye kitabu: sahani hupangwa namna gani, fundi wao hugusa nini kabla ya nini. Mafundi wa kule ndio walimu wazuri kuliko maprofesa, na chai ya saa nne huwa darasa.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza nyumbani

Usipumzike bado. Fufua kuvu zote zilizobaki, hakikisha ziko hai na lebo zinasomeka. Otesha sahani mbili kwa kila moja, linganisha na orodha uliyoacha kwenye mkataba. Weka mpangilio wa DNA uliopata kwenye GenBank, hazina ya wazi ya DNA mtandaoni, ukiwa na mahali na mdudu wa asili. Kisha mwite fundi wa maabara yenu, yule aliyegeuza vikombe vya udongo siku 14 wakati wewe uko darasani, mkalishe mbele ya hadubini, umwonyeshe kuhesabu spora zilizoota. Jumatatu inayofuata ahesabu yeye, wewe uandike.